Kikombe cha Riat

Saa mbili na robo asubuhi, Jumatatu. Pikipiki ilikuwa imeegemezwa kwenye ukuta wa nyuma wa kituo cha polisi, upande wake wa kulia ukitazama ua, na pedali ya upande huo ilikuwa imepinda kuelekea chini.

Inspekta Debra Nasambu alichuchumaa mbele yake bila kuigusa. Ncha ya pedali ilikuwa imechomelewa kipande cha chuma chenye meno, kama tupa iliyokatwa, ili kiatu kisiteleze. Jino moja lilikuwa limevunjika, na katikati ya meno kulikuwa na chembe nyeusi za mpira.

Ilikuwa BSA ya silinda moja. Marehemu Joginder Singh aliileta Kisumu miaka ya sitini, na baada ya yeye kufa ilikaa chini ya turubai hadi mjane wake alipomkabidhi Dalmas Obonyo, fundi wa Nyamasaria. Dalmas hakuirudisha ilivyokuwa. Alikata fremu nyuma, akaweka kiti cha mtu mmoja chenye nundu, akashusha usukani chini ya mabega ya tanki, na pedali zote akazisogeza nyuma, hata mwendeshaji alilazimika kulala juu ya tanki kama mtu anayechungulia kisima. Pikipiki za namna hiyo wenyewe huziita cafe racer. Kisumu zilikuwa chache, zote zimechongwa kutoka Honda na Yamaha kuukuu, isipokuwa hii moja.

Jumamosi alasiri, kwenye kivuko cha waenda kwa miguu cha Otonglo, pikipiki hiyo ilimgonga Milka Adero, muuza omena, dagaa wa ziwani. Alikufa kabla hajafikishwa hospitali.

"Madam, hapa hakuna kazi," alisema Sajini Waswa wa trafiki, akiwa amesimama nyuma yake na bahasha ya vielelezo. "Dalmas yuko seli. Saa nane yuko kortini."

"Kwa shtaka gani?"

"Mimi niliandika kuua kwa kuendesha vibaya. Lakini kiongozi wa mashtaka anataka mauaji. Mashahidi wanne, wote neno moja: jamaa alimwona mama, badala ya kupunguza akaongeza mafuta. Injini ilinguruma kabla ya kumfikia, si baada."

"Nani alimwona Dalmas akiendesha?"

"Wote."

"Walimwona uso?"

Waswa alihamisha bahasha mkono mwingine. "Mwendeshaji alikuwa na helmeti. Baada ya ajali kukawa vumbi, watu wanakimbilia mama. Vumbi likaisha, Dalmas ndiye ako na pikipiki. Anaiinua. Mama wa watu amelala pale, yeye anainua pikipiki na kufunga koki ya petroli. Ndio maana walitaka kumchoma. Tungechelewa kidogo, leo ungekuwa unachunguza majivu."

"Na helmeti yake?"

"Alitupa."

"Imepatikana?"

"Bado."

Nasambu alipokea bahasha. Ndani mlikuwa na ufunguo mmoja, umefungwa kikaratasi kilichoandikwa kwa mkono wa Waswa: ufunguo wa pikipiki, ulipatikana mfukoni mwa mshukiwa.

"Uliujaribu wapi?"

Waswa aliizunguka BSA. Alitazama chini ya tanki, kwenye usukani, ubavuni. Alirudi alipoanzia.

"Haina tundu," alisema.

"Haina. Injini yake hujitengenezea umeme ikizunguka. Huu utakuwa wa kufuli."

"Sasa wanazuia wezi namna gani?"

"Haiwaki kwa mtu asiyeijua."

"Basi, madam, si umemaliza mwenyewe? Anayeijua ni nani, kama si Dalmas?"

Hoja hiyo ilikuwa nzuri, na Nasambu hakuipinga. Aliinama tena, akasukuma gurudumu la nyuma mbele na nyuma kwa kiganja. Halikuzunguka, gia ilikuwa imeingia. Alihesabu mabonyezo ya pedali ya kulia kwenda juu hadi gurudumu likawa huru. Lilikuwa bonyezo moja tu: gia ya kwanza. Aliirudisha ilivyokuwa, akasimama, akajipangusa magoti.

"Mlete," alisema. "Na viatu vyake."

*

Dalmas Obonyo alikuwa mtu mrefu mwenye jicho moja lililofura. Aliketi katika chumba cha mahojiano peku, mikono juu ya meza, kucha zikiwa na weusi ambao siku mbili za seli hazikuutoa. Viatu vyake, buti za ngozi za kahawia, vilikuwa mezani juu ya gazeti.

"Jumamosi saa kumi ulikuwa wapi?"

"Nishasema, madam. Nimesema mpaka Waswa amechoka."

"Mimi sijachoka."

Alivuta pumzi. "Tulikuwa kilimani Riat, kwa kibanda cha Mama Winny, vile sisi wa klabu tunakuwaga kila Jumamosi. Nilipanda na BSA. Karibu kufika juu, kishikio cha ekzosi kikakatika. Nikafika nayo kwa kibanda, nikaiacha hapo, nikashuka Otonglo na miguu kutafuta welda. Njia ya mkato, ile ya mawe. Welda nikakosa. Nikiwa nyuma ya soko nikaisikia."

"Ukasikia nini?"

"BSA. Haiko ingine ina sauti hiyo. Nikajua kuna mtu ako juu yake. Halafu ikapiga kelele mbaya, halafu kishindo. Nikakimbia."

"Na ulipofika?"

Dalmas alitazama meza. "Ilikuwa imelala. Petroli inatoka kwa kabureta, inateremka kwa barabara. Kando kuna mama anachoma mahindi, jiko liko na moto. Nikafunga koki, nikainua."

"Milka Adero alikuwa wapi?"

"Sikumwona. Madam, mimi niliona pikipiki. Wakati naangalia upande wa pili tayari wamenishika."

Waswa, aliyekuwa mlangoni, aliguna. Nasambu alimgeukia.

"Jiko la mahindi lilikuwepo?"

"Lilikuwepo," alisema Waswa. "Petroli pia. Ilifika karibu na mguu wa jiko. Sikuandika, sikuona kama ni kitu."

"Ulipoiacha Riat," Nasambu alimrudia Dalmas, "ilikuwa gia gani?"

"Ya pili."

"Una hakika?"

"Kule ni mteremko, ukiacha huru inaenda zake. Nilipanda na ya pili, nikaizima hivyohivyo."

"Sasa iko ya kwanza."

Kwa mara ya kwanza Dalmas aliinua uso wote. "Ya kwanza? Kwa ile mteremko? Hakuna mtu anaweza tia ya kwanza pale. Ukiwa na mwendo, ukiitia ya kwanza italia kama..." Vidole vyake viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vinabonyeza meza, kama mguu unaokanyaga.

"Breki ya nyuma iko upande gani?"

"Kushoto," alisema polepole. "Gia iko kulia. Hizi za Kiingereza za zamani ziko hivyo. Kinyume na hizi zote za barabarani."

Waswa aliacha kuegemea mlango.

Nasambu alivuta buti karibu na mwanga. Yeyote anayepanda pikipiki za kawaida kila siku, bodaboda au nyingine, huonekana kwa kiatu cha kushoto: juu ya kidole gumba ngozi huliwa na pedali ya gia inapoinuliwa. Buti ya kushoto ya Dalmas ilikuwa nzima. Ya kulia ilikuwa imelika hadi kitambaa cha ndani kikaonekana.

"Unapanda pikipiki nyingine?"

"Sina ingine. Hii nimepanda tangu niimalize, mwaka wa tatu. Watu wanacheka, wanasema mguu wangu ulizaliwa England."

"Nani mwingine alibaki Riat uliposhuka?"

"Wengi walikuwa wameenda kuangalia mpira. Alibaki Sydney, mwenyekiti wetu. Na Gurmit, kijana wa Mzee Joginder. Gurmit alikuja kunitukana."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilikata fremu ya baba yake." Alifikiri kidogo. "Yeye ako na haki kidogo."

*

Saa nne Nasambu na Waswa walikuwa Riat. Kibanda cha Mama Winny kilisimama ukingoni mwa barabara, mbele yake kiwanja kidogo cha udongo wa murram chenye madoa ya oili, na chini kabisa mabati ya Otonglo, uwanja wa ndege, kisha ziwa. Barabara ilishuka moja kwa moja, ikakunja mara moja tu kabla ya soko.

Mama Winny alikuwa anakanda unga. Hakuacha.

"Nyinyi ndio mnataka kumfunga Dalmas?"

"Tunataka kujua nani alikuwa juu ya pikipiki," alisema Nasambu.

"Si nilimwambia huyu." Alimwonyesha Waswa kwa kidevu. "Alikuja hapa anauliza, chai ilimiminwa? Nikasema ilimiminwa. Akaenda. Hata hakukunywa."

"Nieleze hiyo chai."

Mama Winny alieleza bila kuinua mikono kutoka kwenye beseni. Desturi ilianza na wenye hizo pikipiki, yeye alipewa tu kazi ya kumimina. Mtu akitaka kujipima, anapaza sauti, "Mimina!" Yeye anamimina chai ya maziwa inayochemka, anaweka kikombe mezani. Mpandaji anashuka hadi Otonglo, anazunguka mti ulio sokoni, anarudi. Akikuta chai haijashika utando juu, wenzake wanamnunulia chapati. Akikuta utando, anaunywa huo utando mbele yao, na wanaimba.

"Strungi haikubaliki," aliongeza. "Kuna mmoja alileta huo ujanja. Maji ya majani yatashika utando lini?"

"Jumamosi nani alisema mimina?"

"Mwenye BSA."

"Ulimwona uso?"

"Uso gani, na mtu amevaa helmeti? Alikuwa na koti jeusi. Hao wote wana koti jeusi, wamefanana kama kwaya. Nikasikia mimina, nikamimina. Kugeuka naona yuko kwa BSA, nikasema ni Dalmas. Ya Dalmas nani mwingine atapanda?"

"Aliiwasha vipi?"

Sasa mikono ya Mama Winny ilisimama.

"Alipiga kiki, ikamrudishia mguu. Akaruka hivi, ameshika mundi wake. Nilicheka. Nikasema leo Dalmas amekula nini? Akapiga tena, ikakataa. Basi akaachana na hiyo maneno ya kiki, akaisukuma kwa mteremko, akarukia, ikawaka."

"Dalmas hupiga kiki mara ngapi?"

"Moja. Anagusa hapo kwa kabureta mpaka petroli inalowesha kidole, kama mtu anaonja uji. Halafu moja tu." Alimtazama Waswa. "Hilo hukuuliza."

"Sikuuliza," alikubali Waswa.

"Gurmit na Sydney walikuwa wapi wakati huo?"

"Gurmit walikuwa wamegombana na Dalmas, nikamwona anatembea huku na huku na simu. Pikapu yake iliondoka saa gani sijui. Sydney nilikuwa nimempa samosa. Honda yake ilikuwa pale nyuma ya kibanda. Mimi niko na mafuta kwa moto, siwezi kuchunga wanaume wazima."

"Na kikombe?"

Alifuta mikono kwenye kanga, akainua sahani iliyokuwa imefunika kitu kwenye rafu. Kilikuwa kikombe cha udongo cheupe. Chai ndani yake ilikuwa imegeuka kijivu, na utando juu yake ulikuwa mnene, umekunjamana.

"Hujakiosha."

"Kikombe cha mtu aliyeenda hakimwagwi na mtu mwingine. Anakuja kukimwaga mwenyewe." Aliirudisha sahani. "Hata akirudi mwezi ujao."

Njiani kushuka, Waswa alipunguza mwendo kwenye kona.

"Madam, kwa hivyo mtu hakuongeza mafuta."

"Tunachojua ni kwamba gia ilikuwa ya pili, ikawa ya kwanza. Pedali imepinda kwenda chini. Dalmas anapotaka kusimama, anakanyaga kwa mguu wa kushoto. Aliyekuwa juu alikanyaga kwa wa kulia, kwa nguvu za mtu mwenye hofu. Pikipiki ikashuka gia katika mwendo. Injini ikalia. Watu wakasikia mafuta."

"Na breki ya mkono?"

"Wewe ulifundishwa pikipiki wapi?"

"Bungoma. Na binamu yangu."

"Alikwambia nini kuhusu breki ya mbele?"

Waswa alitabasamu kidogo. "Usiiguse, itakurusha."

"Nusu ya wapandaji wa Nyanza na Magharibi wamefundishwa hivyo." Alitoa simu, akapiga kituoni. "Waite Gurmit na Sydney. Waje na buti na helmeti walizovaa Jumamosi. Usiwaambie sababu. Na mtu yeyote asitamke neno breki."

*

Gurmit Singh alifika kwanza. Alikuwa na duka la vyuma mjini, miaka hamsini hivi, kilemba cha buluu, na alianza kuzungumza kabla hajakaa.

"Inspekta, mimi kwa huyo Dalmas siko na huruma. Unajua alifanya nini? Pikipiki ya baba yangu imetoka Mombasa kwa treni. Imekaa nyumbani miaka yote. Mimi nikienda Nairobi kidogo, mama yangu anampa, narudi napata ameikata kama nyama ya buchari."

"Jumamosi ulimwambia nini?"

"Nilimwambia ni mwizi wa fremu. Akaniambia fremu inaweza kuchomelewa, nirudi akishamaliza ekzosi. Nikasema omera, ndugu yangu, utaniona kwa wakili. Nikaenda."

"Saa ngapi?"

"Kabla ya saa kumi. Au baada. Nilikuwa na hasira, sikuangalia saa."

"Mtu alikuona?"

"Lori ya mchanga ilinifungia barabara Otonglo, nikaitukana pia. Tafuta dereva."

Mwenye kinyongo, bila shahidi, na barabara ileile. Waswa aliandika haraka. Nasambu aligeuza buti za Gurmit. Soli zilikuwa laini pande zote mbili. Akamtoa nje uani.

"Panda BSA, tafadhali. Sajini atakusukuma. Nikipiga makofi, simama."

"Nipande hii takataka?"

"Dakika moja."

Gurmit alipanda kwa manung'uniko, akavuta klachi. Waswa alisukuma. Walipofika katikati ya ua Nasambu alipiga makofi. Mguu wa kushoto wa Gurmit ulishuka, gurudumu la nyuma likafunga, na kifua cha Waswa kikagonga nundu ya kiti.

"Nani alikufundisha?"

"Baba. Nikikosea mguu alikuwa ananipiga kofi hapa." Aligusa kisogo. Alikaa kidogo juu ya tanki, mkono wake ukipita taratibu juu ya alumini iliyonyooshwa kwa nyundo. "Kazi ni safi," alisema. "Huyo mshenzi." Akashuka.

Sydney Ogembo alifika saa sita na nusu. Aliuza dawa za mimea kwa mashamba ya kuanzia Sondu hadi Ahero, alivaa shati lililopigwa pasi vizuri, na ngazi za kituo alizipanda kwa mguu wa kushoto kwanza kila hatua.

"Umeumia?" aliuliza Nasambu.

"Mpira, madam. Uzee."

Aliweka mezani helmeti nyeusi na buti zilizooshwa. Alisema jina lake kamili, namba ya simu, cheo chake katika klabu. Alisema ni huzuni, klabu imechanga kwa ajili ya mazishi ya marehemu, na yeye mwenyewe angekwenda kuwaona wafiwa.

"Uliondoka Riat saa ngapi?"

"Mapema. Saa tisa na kitu. Nilikuwa na mteja Nyamasaria."

"Jina?"

"Hakutokea."

"Uliwahi kupanda BSA?"

"Dalmas haachi mtu aiguse. Ni kama bibi yake." Alicheka peke yake, kisha akaacha. "Madam, niseme kitu kama mwenyekiti? Sitaki kumkandamiza mtu aliye chini. Lakini Dalmas alionywa. Hizi pikipiki tunazijenga kwa macho, tanki inang'aa, picha ziko kwa simu za watu. Ile haikufaa barabara. Haikuwa na breki."

Waswa aliacha kuandika. Nasambu aliendelea kutazama helmeti.

"Mkaguzi wa magari aliipima jana. Anasema breki zote mbili zinafanya kazi."

"Alipima hapa kwa ua? Hapa ni tambarare. Mkaguzi ashuke nayo Riat. Ukiwa na mwendo, ukikanyaga, haishiki hata kidogo. Inanguruma tu."

Macho ya Nasambu yaliacha helmeti.

"Inanguruma," alirudia Nasambu.

"Si watu wa Otonglo wote wanasema? Ilinguruma."

"Watu wa Otonglo wanasema mwendeshaji aliongeza mafuta. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba alikanyaga breki."

Sydney alitazama mlango, akatazama buti zake.

"Ni vile mtu anafikiria," alisema. "Mtu yeyote angekanyaga."

"Twende uani."

Alipanda BSA kwa uangalifu, akiulinda mguu wa kulia. Waswa alisukuma. Nasambu alipiga makofi katikati ya ua, mahali palepale. Mguu wa kulia wa Sydney ulishuka juu ya pedali yenye meno. Kulisikika mlio mdogo wa chuma. Pikipiki iliendelea mbele hadi ukutani, na Waswa akaivuta kwa kiti kuizuia.

"Umeona?" alisema Sydney. Sauti yake ilikuwa na nguvu kwa mara ya kwanza. "Umeona sasa? Haishiki."

"Irudisheni," alisema Nasambu. "Mara hii kanyaga ya kushoto."

"Hiyo ni gia."

"Kanyaga."

Waswa alisukuma. Sydney alikanyaga kwa mguu wa kushoto. Gurudumu lilifunga, likachora mstari mfupi mweusi kwenye saruji. Hakushuka. Aliinama kutazama upande wa kushoto, akafuata kwa macho fimbo inayotoka kwenye pedali hadi kwenye gurudumu. Kisha akainama kulia, akafuata ile nyingine hadi ilipoingia ubavuni mwa injini.

Nasambu, aliyekuwa ametoka na buti za Sydney mkononi, aligeuza ya kulia, soli juu. Katikati ya soli, mbele ya kisigino, kulikuwa na alama za meno, zimezama ndani ya mpira. Aliishikilia karibu na ncha ya pedali. Meno yalilingana, pamoja na lile moja lililovunjika.

"Nilikanyaga breki," alisema Sydney. "Nilikanyaga na nguvu yangu yote."

"Sajini, msomee haki zake kabla hajaendelea."

Waswa alimsomea. Sydney alisikiliza mpaka mwisho, akasema ameelewa, akaendelea. Dalmas alikuwa akijisifu kila Jumamosi kwamba BSA haijawahi kula utando. Sydney alitaka kuona kama siri ni pikipiki au ni Dalmas. Baada ya kugonga alikimbia katikati ya vibanda, helmeti bado kichwani, akapanda boda hadi Riat, akachukua Honda yake. Aliosha buti kwa sababu ya damu. Kwamba Dalmas ndiye aliyekamatwa, alisema, hakuliona kuwa kosa kubwa sana: aliyejenga pikipiki isiyo na breki ndiye aliyeua.

"Uliamini hivyo?"

"Mpaka saa hii."

Aliandikisha maelezo hadi karibu saa nane. Alipoweka sahihi aliuliza jambo moja tu.

"Kikombe changu bado kiko kwa Mama Winny?"

"Kiko," alisema Nasambu, na akamwambia Waswa aliandike na hilo.

Alimpigia simu kiongozi wa mashtaka. Jina la Dalmas Obonyo liliondolewa kwenye orodha ya siku. Kaka wa Milka Adero, aliyekuwa langoni na wanaume wengine tangu asubuhi, aliitwa ndani, akaelezwa mbele ya Waswa, akauliza kama wenye pikipiki hawafichiani makosa. Nasambu alimwonyesha alama za meno kwenye soli ya buti ya Sydney. Aliitazama kwa muda, akatoka, akazungumza na wenzake kwa Kijaluo. Waliondoka langoni.

Dalmas alitolewa seli saa nane na dakika ishirini. Alirudishiwa mshipi, simu, buti na ufunguo. Waswa alikuwa amekata maneno ya kikaratasi kwa kalamu na kuandika upya: ufunguo wa kufuli.

"Pikipiki inabaki," Nasambu alimwambia. "Ni kielelezo."

Dalmas alipita uani kuelekea langoni. Mbele ya BSA alisimama. Doa dogo la petroli lilikuwa limeanza kulowesha saruji chini ya kabureta; katika kule kusukumwa koki ilikuwa imelegea. Mkono wake ulikwenda kwenye koki, ukasimama kabla ya kuigusa.

"Madam," alisema bila kugeuka, "mama alikuwa amelala upande gani?"

"Kushoto. Karibu na ukingo."

Alitikisa kichwa. Aliuingiza mkono mfukoni, akatoka. Koki ilifungwa na Sajini Waswa.